Nesi Aliyenyamazisha Ngoma

Ukitaka kumjua Nesi, ungeanza na mikono yake. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mwenye kutembea haraka ndani ya mabuti meusi ya mvua. Mikono yake ilikuwa na ngozi iliyokauka na kuchubuka kwa kunawa. Alinawa akiingia nyumbani kwako na alinawa akitoka. Msibani, wenzake wakiwa bado wanampa pole mfiwa, yeye alikuwa ameshazunguka nyuma kuangalia kama kuna maji ya kunawa na kama sufuria zimefunikwa. Kwa mama yangu alikuwa akifunua chungu bila kuombwa, anakitazama chakula, anakifunika, halafu ndipo anasalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Leo mnakula vizuri."

Mama alikuwa akinung'unika akishaondoka. Lakini siku Nesi asipopita, mama huyo huyo alikuwa wa kwanza kuuliza kama ni mzima.

Nyumba yake ilitazamana na yetu, bondeni kidogo chini ya mji wa Tukuyu, upande ule ambao ukungu huchelewa kuondoka asubuhi. Zahanati aliyofanya kazi ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, na sisi majirani tulijua shughuli zake kwa mwendo wake. Akitoka anatembea, ni chanjo. Akitoka anakimbia huku mwavuli ameukumbatia badala ya kuufungua, kuna mwanamke kitandani.

Ulimi wake ulikuwa mkali, na sitaupunguza kwa sababu tu sasa namkumbuka vizuri. Wanawake wa mtaani walikuwa wakiogopa ulimi wa Nesi kuliko uchungu wenyewe. Nilipokwenda kumzaa binti yangu wa kwanza, Neema, nilimwita mama yangu kwa sauti kubwa mpaka nikakauka koo. Nesi alisimama pembeni ya kitanda, mikono kiunoni.

"Unamwita mama yako wa nini? Mama yako alishazaa za kwake. Hii ni ya kwako. Sukuma."

Nilimchukia kwa moyo wote. Mtoto alipotoka, mama yangu alikuwa amekwama nyumbani na wageni, na hakukuwa na mtu wa kunifulia. Nikasikia maji bombani nje. Nikageuza shingo dirishani nikamwona Nesi ameinama, anazifua khanga zangu zenye damu kwa mikono yake mwenyewe, huku anamgombeza mwanamke mwingine aliyekuwa anapita na mtoto asiye na kofia. Alizianika, akaniletea uji, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza. Kuanzia siku hiyo aliniita Mama Neema, na mimi nikawa namwamkia kwa magoti.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Kliniki alihubiri habari za ulevi mpaka akina baba wakakwepa kusindikiza wake zao. Lakini Jumapili baada ya ibada ungemkuta amekaa barazani na bilauri ya pombe ya kimpumu, moja tu, anainywa taratibu kama dawa. Alisema wanawake wa Rungwe wanazaa mno, na huku alikuwa mama wa ubatizo wa watoto wengi kiasi kwamba mchungaji alipouliza nani anamsimamia mtoto, watu waligeuka kumtazama yeye kabla hata hajasimama.

Na tamasha la ngoma, ambalo baadaye alilichukia kuliko kitu chochote katika mji huu, yeye ndiye aliyelicheza zaidi yetu sote lilipoanza.

Mwaka ule wa kwanza lilikuwa jambo dogo uwanjani. Vikundi vya ngoma vilikuja kutoka Kisondela, Mpuguso na Masukulu, vingine kwa miguu. Akina bibi walipika mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwenye vyungu palepale uwanjani, wakapakua kwenye majani ya mgomba, na kila aliyepita alikula. Hakukuwa na uzio. Nesi alitoka zahanati mchana, bado yumo ndani ya gauni lake jeupe, akasema anakuja kutazama dakika kumi. Ngoma ya Masukulu ilipoingia alivua mabuti. Namwona hadi leo, miguu mitupu kwenye majani yaliyolowa, mikono juu, anacheka kwa kinywa chote. Sikuwa nimewahi kumwona anacheka hivyo. Alicheza mpaka jua likageuka, na alipotoka pale jasho linamtiririka aliniambia, "Mama Neema, huu mji ulikuwa umelala."

Tamasha likakua. Lilipata Mwenyekiti, mtu mwenye nyumba za kulala wageni, mpole, mwenye kukushika mkono kwa mikono yake miwili. Likapata kamati. Jukwaa likawa linaletwa na malori kutoka Dar es Salaam, pamoja na majenereta na wasanii ambao nyimbo zao hazikuwa na neno hata moja la kwetu. Uwanja ukazungushiwa mabati. Akina bibi wa vyungu wakawekwa nje ya mabati kwa sababu ndani kulikuwa na mabanda ya hoteli yaliyouza mbalaga kwenye sahani za udongo, na kibao kimeandikwa Chakula cha Asili.

Mimi sikulaumu. Lazima niseme hivyo kabla sijaendelea. Nilikuwa nimefungua steshenari karibu na stendi, na mabango, kadi za mwaliko na vitambulisho vya wageni vyote vilipita mikononi mwangu. Kwa ajili hiyo nikaingizwa kwenye kamati ya mapokezi. Nilishonewa kitenge sare na kupewa kitambulisho cha shingoni, na nilijiona mtu.

Mama naye alikuwa na vyumba viwili vya uani alivyopangisha wasichana wawili waliokuwa wanajifunza ushonaji mjini. Wiki ya tamasha ilipofika aliwaomba wapishe wageni, warudi Jumatatu. Wasichana wakakaa nje na mabegi yao, mvua inanyunya. Nesi akaja, hakumsemesha mama. Aliwashika mkono wale wasichana mmoja huku na mwingine huku, akawavusha barabara hadi sebuleni kwake. Wakalala pale wiki nzima. Mwaka uliofuata hakusubiri waombwe kutoka. Alikuja siku moja kabla, akabeba begi la kwanza mwenyewe, na mlangoni akamwambia mama kwa upole kabisa:

"Wageni wako wakikuuliza wenyeji wanaishije, waambie wako kwa Nesi."

Mama akafunga mlango. Kwa wiki mbili hakuuliza kama Nesi ni mzima.

Lakini yaliyomuumiza zaidi hayakuwa ya vyumba. Yalikuwa maji. Wiki ya tamasha mji ulijaa watu mara mbili, na maji yalielekezwa juu, kwenye nyumba za wageni. Huku bondeni mabomba yalikohoa hewa. Zahanati ikawa inapokea wajawazito bila tone la maji, katika wilaya ambayo mvua ikianza husahau kukatika. Nesi alitega ndoo chini ya paa. Mvua isiponyesha alishuka mtoni na dumu.

Kisha kulikuwa na mwezi wa tano. Tamasha lilikuwa la mwezi wa nane, na mwezi wa tano wodi yake ndogo ilijaa mabinti wa miaka kumi na tisa, ishirini, ambao walipoulizwa jina la baba wa mtoto walitazama ukuta. Wengine walijua jina moja tu, tena la utani. Wengine walikuwa na namba ya simu isiyopatikana. Mtaani watoto hao waliitwa watoto wa tamasha, na watu walicheka wakisema hivyo. Nesi alikuwa akisikia, anasimama. Nilimsikia siku moja sokoni akimwambia muuza nyanya aliyekuwa akicheka:

"Ninyi mnacheza mwezi wa nane. Mimi nacheza mwezi wa tano. Njoo siku moja ucheze na mimi."

Hakuwagombeza mabinti hao. Wanawake wenye waume aliwachana kwa maneno, lakini hao aliwasemesha kwa Kinyakyusa, taratibu, na aliwasindikiza mpaka kwao ili baba zao waone wamekuja na nani.

Mwaka mmoja aliingia kwenye kikao cha kamati bila kualikwa. Nilikuwepo, naandika muhtasari. Alikuwa na ndoo tupu ya plastiki. Aliiweka mezani, katikati ya soda.

"Hiki ndicho ninachozalishia wiki yenu," akasema. "Naomba maji yabaki zahanati. Na naomba njia moja iachwe wazi kwenda hospitali kubwa. Mkishafunga barabara ya juu, mimi mgonjwa wangu nampitisha wapi?"

Mwenyekiti aliinuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mama yetu, hoja yako tumeipokea. Tutaifanyia kazi."

"Mliipokea mwaka jana. Mmeiweka wapi?"

Watu walicheka kidogo. Mwenyekiti naye alicheka. Nesi alichukua ndoo yake akatoka, na mimi kwenye muhtasari niliandika: hoja imepokelewa.

Siku yenyewe ilikuwa ya ufunguzi, asubuhi. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema na mlima ulionekana wote, jambo ambalo kila mtu alilichukulia kama baraka. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu. Kuanzia saa mbili tulifunga barabara kwa kamba ndefu yenye vibendera vya rangi. Upande mmoja ilifungwa kwenye nguzo, upande wa pili niliishika mimi. Maelekezo ya Mwenyekiti yalikuwa mafupi: asipite mtu, hata iweje, mpaka msafara uingie. Nyuma yangu vikundi vya ngoma vilikuwa vimepangwa pande zote mbili za barabara, na vilikuwa vinapiga mfululizo kwa sababu simu ilikuwa imesema wageni wameshapita Kiwira. Simu ilisema hivyo saa tatu na nusu. Ikasema hivyo tena saa nne.

Saa nne na robo bajaji ikapanda kutoka bondeni, honi imeshikiliwa. Nesi alikuwa kiti cha nyuma, na mapajani mwake alikuwa ameegemea msichana ambaye sikumjua wakati huo. Anaitwa Tumpe, wa Kisondela, mimba ya kwanza. Alikuwa na uchungu tangu jana yake. Ndugu zake walikuwa wamemleta kwa pikipiki mpaka zahanati, na Nesi alimgusa mara moja tu akaita bajaji.

"Mama Neema, fungua," akasema.

"Shikamoo Nesi. Subiri kidogo tu, msafara umeshafika. Dakika tano."

Alinitazama. Nadhani aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba aliniamini. Alirudisha kichwa ndani, akawa anampangusa Tumpe jasho. Njia ya nyuma ilikuwa imejaa malori ya jukwaa, na watu walikuwa wamebanana kiasi kwamba kumbeba mgonjwa kwa mikono mpaka hospitali haikuwezekana. Dakika tano zikapita. Zikapita nyingine kumi. Nikampigia Mwenyekiti simu, nikamwambia kuna mgonjwa.

"Wagonjwa wapo kila siku, dada yangu," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya hata kidogo. "Mgeni rasmi akikuta bajaji mbele yake tutaonekanaje? Mwambie avumilie, tunamalizia."

Nikamwambia Nesi avumilie, wanamalizia.

Tumpe alianza kutoa sauti ambayo mimi niliyezaa naijua, na nyingine ambayo siijui. Nesi alichukua kile kipimo chake cha mti, kama tarumbeta ndogo, akakiweka tumboni mwa msichana na sikio juu yake. Alikaa hivyo. Akahamisha kipimo. Akakaa tena. Kisha akatoka kwenye bajaji, akainama akapita chini ya kamba yangu, akaenda moja kwa moja kwa wapiga ngoma.

"Nyamazeni!" akapaza sauti. "Namtafuta mtoto simsikii! Nyamazeni!"

Walikuwa ni wale wa Masukulu. Mzee aliyekuwa na ngoma kubwa alimtazama gauni, akatazama bajaji, akalaza viganja vyake juu ya ngozi. Wengine wakafuata. Upande wa pili nao wakaacha. Ukimya ulisambaa barabarani mpaka kwa watu waliokuwa mbali kabisa, ambao hawakujua kwa nini wamenyamaza. Nesi akarudi, akainama tena. Barabara nzima ilikuwa inasubiri sikio la mwanamke mmoja.

Akainua uso.

"Yu hai," akasema. Kisha kwangu: "Kamba."

Mgambo alikuwa pembeni yangu. Mwenyekiti alikuwa ameshatokea ng'ambo, anatikisa kichwa kunikataza, huku anatabasamu kwa ajili ya watu. Mkono wangu haukufunguka. Ningependa kusema niliganda, kwamba sikujua nifanye nini. Nilijua. Nilifikiria mabango, nilifikiria kitambulisho cha shingoni, nikaishika kamba.

"Wewe nilikuzalisha mimi," Nesi akasema. Hakupandisha sauti. Alifungua mkoba wake, akatoa ule mkasi wa kukatia vitovu, akaikata kamba mbele ya kifua changu. Vibendera vikaanguka.

Bajaji ikaingia barabarani, na hapohapo msafara ukatokea kwenye kona. Msafara ungechelewa dakika tatu tu, bajaji ingepita. Magari yalikuja yamewasha taa, ngoma zikaanza upya upande wa juu ambako hawakujua lolote, mgambo wakaikimbilia bajaji na kuisukuma mtaroni ili barabara iwe safi. Nesi alisimama mbele ya gari la kwanza akaligonga boneti kwa mwavuli. Aligonga mara nyingi. Wakamshika mikono wakamweka pembeni, na magari yote yakapita, moja baada ya jingine, na kwenye dirisha la mojawapo mtu alitupungia.

Tumpe alifikishwa hospitalini msafara ulipokwisha kupita, na alipona. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka, wakautoa. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa ameshakufa. Walisema hakuwa amekufa muda mrefu.

Jioni ile wasanii waliimba kama ilivyopangwa. Picha za simu zilisambaa kabla ya kesho yake: mwanamke mwenye gauni jeupe na mabuti anapiga gari kwa mwavuli. Hazikuonyesha bajaji. Watu walicheka sana. Kwenye kundi la wanamapokezi mtu aliandika kwamba Nesi wa Tukuyu amechanganyikiwa, na wengine wakaweka vikaragosi vya kucheka machozi. Mimi sikuweka kikaragosi, na wala sikuandika neno. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alikuwa ameshika kamba.

Nesi aliandika taarifa, kurasa tatu, akaja kuitoa kopi kwangu. Alisimama upande wa pili wa kaunta wakati mashine inavuta karatasi. Sikuisoma. Nilisema, "Nesi, pole." Akashukuru, "Ndaga," akachukua karatasi zake. Baada ya miezi miwili ilikuja barua ya uhamisho kwenda zahanati ya mbali, Masukulu, kwa sababu za kiutumishi. Alikuwa amebakiza mwaka na nusu astaafu. Siku ya kuhama, wale wasichana wa ushonaji walikuja kumpakilia vitu kwenye kenta. Mama yangu alisimama dirishani nyuma ya pazia. Nilitaka kuvuka barabara nikamsaidie hata na godoro. Nilikaa steshenari mpaka nikasikia gari limeondoka.

Tamasha likaendelea. Wakati mwingine Alhamisi huwa namwona Tumpe sokoni, anauza maparachichi. Ni mwanamke wa maneno machache. Mume aliyekuwa naye alioa mwingine. Nanunua kwake kila mara na sichagui, nachukua anayonipa, hata yaliyobonyea. Hanijui, au ananijua na hasemi. Sijawahi kupata ujasiri wa kuuliza.

Ilipita miaka saba. Mwaka huu Mwenyekiti aliniita akiwa na furaha. Tamasha lilikuwa limepata wazo la kuwatuza wanawake mashujaa wa Rungwe, na kila mtu kwenye kikao alikuwa amekubaliana kwamba katika uuguzi hakuna kama yule mama wa zamani, yule mwenye mwavuli. Alisema hivyo, yule mwenye mwavuli, na akacheka kwa upendo. Watu wamesahau kwamba walimcheka. Sasa wanamkumbuka kama kichekesho walichokipenda.

"Wewe ulikuwa jirani yake," akaniambia. "Mpelekee barua."

Nikapanda bodaboda mpaka Masukulu. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba ndogo, anapukuchua maharage kwa kupapasa. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba jicho moja kabisa na la pili alikuwa analiona kwa taabu. Alikuwa amepungua mno. Mikono tu ndiyo ilikuwa ileile.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba." Akageuza kichwa upande wa sauti. "Mama Neema. Neema hajambo?"

"Hajambo. Anamaliza darasa la saba."

"Ananawa mikono?"

Nikacheka, na kucheka kukageuka kilio, nikajizuia. Nikamsomea barua ya Mwenyekiti. Alisikiliza mpaka mwisho, hata salamu za kamati, huku vidole vinaendelea na maharage.

"Ni barua nzuri," akasema. "Inahitaji majibu. Mimi macho yamekwisha. Una kalamu?"

Nilikuwa na kalamu. Nikaligeuza daftari langu la oda, nikaandika anayosema. Alisema kwa mpangilio kama taarifa ya kazi, kwa sauti isiyo na hasira. Anashukuru kwa kukumbukwa. Hatapokea. Sababu ni kama ifuatavyo. Tarehe. Jina la mama, umri wake, mimba ya kwanza. Saa nne na robo alifika kwenye kamba. Saa nne na dakika hamsini alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, baada ya ngoma kunyamaza, na yalikuwepo, hafifu lakini yapo. Aliomba kamba ifunguliwe, haikufunguliwa.

"Andika kamba ilikuwa imeshikwa na," akasema, kisha akasita. "Jina lako kamili ni nani? Siku zote nakuita Mama Neema."

Kalamu ilisimama. Kuku alipita katikati yetu. Yeye alikuwa anasubiri, uso ameuelekeza kwangu, na jicho lile jeupe.

"Nesi…"

"Taarifa isiyo na aliyekuwepo haijakamilika. Ile ya kwanza niliacha nafasi. Niliona una mtoto mdogo, una duka changa. Nikasema atakuja mwenyewe aijaze. Andika yote matatu."

Nikaandika majina yangu matatu. Mwandiko wangu ni mzuri, watu huniletea kadi za harusi niwaandikie, lakini yale majina hayasomeki vizuri.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Haya. Wako katika kazi. Weka hapo nitie dole gumba."

Nilimshika kidole nikakipaka wino wa kalamu, nikakikandamiza chini ya ukurasa. Kilikuwa kizito na kikavu. Sikukiachia mara moja.

"Ulinichukia?" nikamuuliza.

"Miaka miwili," akasema bila kufikiri. "Kila siku. Halafu nikachoka, nilikuwa na kazi huku. Gwe, nyanyuka, bodaboda atakuacha na mvua inakuja. Salamu kwa mama yako."

Aliingia ndani kunawa. Nilisikia maji yanamwagika kwenye beseni kwa muda mrefu, na hakutoka tena.

Barua niliipeleka kesho yake asubuhi. Ningeweza kuandika nyingine, nikaweka jina la mtu mwingine au nisiweke jina. Nililifikiria hilo barabara nzima kutoka Masukulu, sitajifanya sikufikiria. Mwenyekiti aliisoma amesimama karibu na dirisha. Alipofika kwenye majina yangu aliinua macho akanitazama, akayarudisha kwenye karatasi, akasoma mpaka chini palipokuwa na dole gumba.

"Mwandiko huu ni wako," akasema.

"Ni wangu. Na hayo yaliyoandikwa ni ya kweli."

Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliikunja barua mara mbili, akaiweka chini ya karatasi nyingine mezani.

"Kwa hiyo haji."

"Haji."

"Sasa hili ni tatizo," akasema, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli. "Ile ngao imeshatoka Mbeya. Imeandikwa Muuguzi Shujaa tu, haina jina la mtu." Akachukua kalamu. "Unamfahamu nesi mwingine yeyote?"